Helikopta ya Bi Siwazuri

Mkono usiotulia haushikiki. Ndivyo muuguzi alivyowaambia leo, mlipompeleka mdogo wenu achomwe sindano naye akarusha mikono kama anayefukuza nyuki. Sasa mmerudi mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kwenye helikopta. Chekeni kwanza mmalize, kisha msikilize, maana methali hii ilianza hivi.

Kwamgiti, kwenye shamba la mkonge, kulikuwa na kiwanja cha ndege cha zamani ambacho mbuzi walikwisha kukigeuza malisho. Hapo wastaafu wa karakana ya shamba walikuwa na chama chao cha kurusha helikopta ndogo, za ukubwa wa jogoo aliyekunjua mbawa, zinazoongozwa kwa rimoti kutoka chini. Watu wazima na mvi zao. Wake zao walisema afadhali hivyo kuliko pombe.

Mmoja wao, Mzee Semboja, aliijenga ya kwake kwa miaka mitatu, skrubu baada ya skrubu, na kila alasiri mkewe, Bi Siwazuri, alichambua mchele huku akiisikia ikivuma juu ya mikonge. Mzee alipofariki, mvumo ule ukakatika, na Bi Siwazuri akashindwa kukaa. Alifagia ua mara tatu kabla ya chai. Alikwenda sokoni akarudi bila alichokifuata, akaenda tena. Majirani wakija kumliwaza, hawajauzoea hata mkeka, yeye alikwisha kuinuka kufuata ufagio, na vumbi ndilo lililowaaga.

Siku ya arobaini, mwenyekiti wa chama, Mzee Mbelwa, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akamwambia, "Shemeji, helikopta si pambo la kabatini. Tupe sisi iruke."

"Itaruka. Nitairusha mimi."

"Wewe? Wewe hata sufuria huitui bila kuigonga."

Ulikuwa utani wa shemeji, lakini watu walicheka mno. Wakawekeana sharti palepale: Jumapili ya kwanza baada ya masika, Bi Siwazuri aizungushe helikopta kwenye mlingoti wa bendera na kuitua nzima. Akishindwa, inakuwa mali ya chama. Alikubali upesi, kama alivyofanya kila kitu siku zile, kisha ndipo akaanza kuogopa.

Maana helikopta ni mnyama mkaidi. Inainama mbele, ukiirudisha, inainama nyuma, ukiwahi nyuma, imekwisha kwenda ubavu. Mzee Semboja mwenyewe alivunja mapanga ya helikopta yake mara kumi na moja kabla hajajua kuirusha. Mjane hakuwa na nafasi ya kuvunja hata mara moja, kwa kuwa vipuri vya aina ile havikupatikana tena.

Fundi Dafa, mtengeneza redio wa pale sokoni, akamwonea huruma. Akafunga ndani ya helikopta kijisanduku cha umeme kisichozidi kiberiti.

"Hiki kinahisi ikianza kuinama," alimweleza, "kinairudisha sawa kabla jicho lako halijaona. Wewe kazi yako ni kuiambia iende wapi."

Bi Siwazuri akairusha. Ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Fundi, kijisanduku chako kibovu."

"Kizima, mama. Kinarekebisha, na wewe unarekebisha kilichokwisha rekebishwa. Mnanyang'anyana. Ukiona inayumba, kijiti cha kushoto cha rimoti kiache kilipo, hicho ndicho kinachoibeba. Cha kulia kiachie."

"Niachie ianguke?"

"Uachie ipone."

Akakubali kwa mdomo. Mkono ukakataa. Wiki mbili nzima ikiinama hivi, kidole kimekwisha kuwahi. Ikiinama vile, kimewahi tena. Aliitua kwa kuidondosha majanini, akarudi nyumbani kuinyoosha miguu ya helikopta iliyopinda, na moyo wake umepinda zaidi.

Kilichomfundisha ni siafu. Siku hiyo helikopta ilikuwa hewani inapepesuka, na siafu mmoja alikuwa akipanda chini ya kanga bila haraka yoyote. Akafika alipofika, akauma. Siafu hana adabu ya kuchagua mahali. Bi Siwazuri akaachia kijiti cha kulia, akajipiga kofi la paja, akafumba macho kungoja mshindo. Mshindo haukuja. Alipofumbua, helikopta ilikuwa imetulia hewani kama mgeni aliyekaribishwa ila hajaonyeshwa kiti.

Hakumwambia mtu, hata fundi. Alikwenda nyumbani akiwaza.

Jumapili ikafika, na watu wakajaa kiwanjani. Helikopta ilikuwa imezunguka nusu ya mlingoti pale upepo ulipoipiga ubavuni, ikainama vibaya. Wazee wote wakawa walimu.

"Kulia, shemeji, vuta kulia," alisema Mzee Mbelwa, mkono umekwisha kunyooka. "Lete hiyo rimoti kabla hujaivunja."

Bi Siwazuri akampa mgongo. Mkono wa kulia akautoa kwenye kijiti, akauweka kiunoni.

"Ameachia," mtu akanong'ona.

Helikopta ikayumba mara moja, ikayumba kidogo tena, ikanyooka. Lakini kijisanduku kinajua kusimama wima, hakijui pa kusimama. Upepo ukaanza kuisukuma, wima hivyohivyo, kuelekea kwenye miiba ya mkonge. Hapo Bi Siwazuri akavuta pumzi, akakigusa kijiti kwa ncha ya kidole kama anayeonja chumvi. Ikarudi. Ikaumaliza mlingoti, ikatua majanini hata panzi hakuruka.

Mzee Mbelwa akaikagua toka miguu hadi mapanga. Haikuwa na mkwaruzo mpya.

"Hujairusha wewe," akasema. "Umebebwa kwa mbeleko."

"Ndiyo, nimebebwa. Sharti lilikuwa bendera na kutua, hatukusema nibebwe au nisibebwe."

"Tungekuchukua sisi tukufundishe, shemeji. Miezi mitatu tunakuja kwako, hukai."

Bi Siwazuri alitaka kumjibu upesi, kama kawaida yake. Badala yake aliitazama mikono yake.

"Kweli mlikuja," akasema. "Hata kijisanduku kilikuwapo wiki mbili, hakikunifaa kitu. Mkono usiotulia haushikiki."

Mzee Mbelwa akaiokota helikopta kwa mikono miwili, akamkabidhi.

Kesho yake majirani walikuja tena, huku wakiutupia jicho ufagio. Bi Siwazuri akatandika mkeka, akakaa. Mke wa Mzee Mbelwa akamshika mkono, na hapo ndipo alipomlilia mumewe kwa mara ya kwanza tangu azikwe, kilio kirefu, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Mkono usiotulia haushikiki, wanangu. Wake siku hiyo ulikuwa umetulia.