Kimanjano Anafumua Kiota

Wanangu, niwape ngano?
Tupe, tumeshakaa.
Niwape ndefu?
Tupe tamu.

Basi fumbeni macho. Oneni mgunga ulioinamia mto, na viota vya ndege mnana vinaning'inia kama vikapu, milango ikitazama chini.

Hapo zamani za kale, kwenye mgunga huo waliishi Mama Mnana, mumewe na mwanawe Kimanjano. Desturi yao ilikuwa kwamba kila kinda aliyeota mbawa asuke kiota chake kabla ya masika. Kiota cha mama kilishajaa mayai mapya, nafasi hakuna, na mawingu yalishaanza kukusanyika.

Kimanjano akasuka duara la kiota. Mama akaja mbio. "Hodari mwanangu! Hakuna fundi kama wewe."

Kimanjano akafumua, akiimba:
Fumua, fumua,
kibaya, fumua.

Akasuka tena. Mama akasema, "Hiki kinapita hata cha baba yako."

Fumua, fumua,
kibaya, fumua.

Akasuka mara ya tatu. Mama akaita majirani, wakapiga vigelegele mgunga mzima. Kimanjano akafumua, majani yote akayatupa mtoni.

"Mwanangu, mbona hutaki kusifiwa?"

"Mama, jana ulinisifu kwa kupiga chafya. Sasa nitajuaje kama kiota ni kizuri kweli?"

Jirani mmoja alicheka nusura adondoke. Mama hakucheka. Alitazama wingu, akatazama mayai yake. Akatafuta maneno mema ya kumwambia, akaona yote ameshayatumia. Akaruka kwenda kukata majani.

Aliporudi, Kimanjano alikuwa ameanza duara upya. "Haya, sema basi ni kizuri," akamchokoza.

Mama angesemaje, na jani refu amelibana mdomoni? Akanyoosha shingo tu. Kimanjano akalipokea, akalipitisha juu, akalipitisha chini, akalivuta. Mama akaleta jingine. Akaleta na jingine.

"Fundo hili limelegea," Kimanjano akasema mwenyewe.

Mama akaitikia kwa kichwa: kweli, limelegea.

Kimanjano akalikaza. "Na sasa?"

Mama akalivuta kwa ukucha. Halikutoka. Akaitikia tena kwa kichwa. Kimanjano akaendelea kusuka. Hakufumua.

Mvua ikashuka. Kimanjano akajitosa ndani, akachungulia mlangoni. "Mama, upande huu unavuja kidogo, nitauziba kesho. Waonaje kiota changu?"

Maneno matamu yakamjaa mama kooni. Akayameza yote. Akasema, "Sogea niingie, mwanangu. Kule baba yako amelalia mayai, amejaza nyumba nzima."

Kimanjano akasogea, kifua mbele.

Ngano yangu imetua tawini. Aliyesinzia ataikuta asubuhi imeshaota mbawa, na mimi sitamkamatia.

Mtoto akikataa sifa, msimrundikie nyingine. Mpeni jani, mkae karibu naye. Na hata mkisahau mengine yote, nawaomba mkumbuke hili moja: Mama Mnana hakusema kiota ni kizuri. Aliingia.