Bwawa la Pembe Saba

Hebu niambieni, digrii ya hesabu huliwa na mboga gani? Tunu alikuwa nayo miaka minne, kazi hana, hadi tajiri Mbarouk alipotaka ramani ya bwawa la hoteli yake.

"Pembe saba zilizo sawa, pande sawa kabisa, bila kukisia. Bikari na rula isiyo na namba tu, kama mafundi wa kale. Unaweza, msomi?"

"Naanza leo, bosi. Ila tuandikiane: mshahara kila mwisho wa mwezi mpaka nimalize."

Mbarouk akacheka moyoni. Kazi ya mchana mmoja! Mwezi utaisha binti keshaondoka bure. Akasaini fasta.

Mwezi wa tatu wa kazi akafoka, "We binti, utamaliza lini?"

"Never, bosi. Wanahesabu walishathibitisha zamani: kwa vifaa hivyo, umbo hilo halichoreki. Leo tarehe thelathini. Lipa, na uniwekee feni!"