Bunduki Iliyong'aa Kuliko Zote

Hadithi hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu kazini kwake. Nimeisoma mara mbili nikaona si haki ikaishia kwangu. Ukishaimaliza, mtumie mtu mmoja unayemjua aliyerithi kitu.

Palikuwa na mkulima aitwaye Lugano, aliyeishi kijiji kimoja kilichopakana na msitu. Marehemu baba yake alimwachia bunduki ya kuwindia, aina ile ya zamani sana: ukishapiga, unavuta chini mkono wa chuma ulio karibu na kifyatulio, unaurudisha juu, risasi nyingine inaingia.

Baba alikuwa akiipaka mafuta tu na kuitundika. Ilikuwa nyeusi, imechakaa, na watu walimcheka. Lugano aliporithi akasema aibu hiyo basi. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya baba, aliketi uani na majivu, mchanga laini na kitambaa, akausugua mtutu mpaka unajiona uso. Wageni walisifu. Mke wake alisema laiti na masufuria yangepata bahati hiyo.

Risasi za baba zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Za mwisho Lugano mwenyewe alizipiga hewani siku ya harusi yake, na maganda wakayagombania mashemeji.

Sasa mwaka huo nguruwe pori wakatoka msituni. Wakaliingia shamba la Tusekile, dada yake Lugano, mjane ambaye hana kingine cha kumlisha zaidi ya mahindi yale. Kila alfajiri waliangusha mistari miwili mitatu.

"Kaka, wewe ndiye mwenye bunduki," Tusekile alimwambia. "Mimi nimwendee nani?"

Lugano akaichukua bunduki na kibali chake, akaenda mjini kwa Fundi Mapunda, mtu aliyezeekea kwenye kazi ya kutengeneza silaha. Fundi aliigeuza geuza, akavaa miwani.

"Inatumia risasi gani?"

"Si ndiyo nimekuja kukuuliza?"

"Kwa kawaida huandikwa hapa kwenye mtutu. Yako haina kitu." Akasoma kibali. Karani wa zamani alikuwa ameandika 'bunduki moja ya kuwindia', basi. Fundi akakirudisha. "Niachie siku kumi na nne. Nitamimina nta ndani, ikiganda niitoe nipime umbo lake. Halafu nimuulize mwenzangu anayezijua hizi za zamani."

"Siku kumi na nne, fundi? Nguruwe hawana subira hiyo. Kwani nikipata risasi inayoingia?"

"Kuingia inaweza kuingia. Lakini bunduki za enzi hizo zilitengenezwa kwa baruti ya upole. Ukiitia ya siku hizi, chuma kinaweza kushindwa. Wewe niachie."

Lugano hakumwachia. Alimwona fundi ni mtu wa kujikuza kwa kazi ndogo. Akamwendea mwindaji mmoja mstaafu, akapewa risasi tano. Akajaribu moja. Iliingia laini kabisa, na moyo wake ukatulia.

Macho ya Lugano hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo kulenga ilikuwa kazi ya mdogo wake, Ambakisye. Kulipopambazuka walikuwa wamejibanza pembeni mwa shamba. Lugano akampa bunduki. Ambakisye akaitazama risasi kiganjani.

"Kaka, una hakika na hizi?"

Hapo ndipo Lugano angeweza kusema neno moja tu: sijui. Ni neno jepesi, hata mtoto analiweza. Lakini yeye ni kaka mkubwa, na bunduki ni yake.

"Nina hakika," alisema. "Piga."

Nguruwe hakuguswa. Bunduki ilipasuka pale pale karibu na shavu la Ambakisye, na kipande cha chuma kikamtoa jicho la kulia.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake. Kuna aliyeionea kijicho bunduki inayong'aa vile, walisema, akaitupia kitu. Wakafika hadi kumtaja jirani kwa jina. Lugano alisikiliza, hakukubali wala hakukataa. Ilikuwa nafuu kwake waendelee kusema hivyo.

Lakini usingizi ulimkataa. Akavikusanya vipande kwenye gunia, akarudi kwa Fundi Mapunda. Alitaka aambiwe kwamba kiwanda kilikosea, kwamba hawakuandika kitu, basi.

Fundi hakumlaumu. Alifungua mbao iliyokuwa imefunika sehemu ya mtutu, akaleta kioo cha kukuzia.

"Tazama."

Chini ya mbao palikuwa na tarakimu moja na herufi mbili, zimechongwa safi kabisa. Palipoishia mbao, maandishi nayo yaliishia.

"Yaliandikwa," alisema fundi. "Haya yalifichwa na mbao, ndiyo yakapona. Mengine yamefutika. Tena si kutu, kutu hula ovyo. Hapa pamelainishwa na mkono wa mtu. Nani alikuwa akiisugua?"

Lugano alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akaweka mikono kichwani. Miaka kumi na tisa alikuwa akifuta kidogo kidogo kitu pekee ambacho baba alimwachia cha kumlinda, na watu wakimpigia makofi.

Siku ya kumi na nne tangu alipoambiwa asubiri ilimkuta njiani kwenda hospitali. Alipita kando ya shamba la Tusekile. Zaidi ya nusu ya mahindi ilikuwa bado imesimama.

Ambakisye alikuwa ameketi kitandani, nusu ya uso imefungwa bendeji.

"Wamekuja watu," alisema. "Wanasema ni yule jirani."

"Si jirani, mdogo wangu. Ni mimi. Maandishi ya risasi yalikuwepo, nikayafuta kwa kusugua. Fundi aliniambia nisubiri, nikakataa. Na uliponiuliza, sikuwa na hakika."

Ambakisye aligusa bendeji yake. Hakupiga kelele wala hakumtukana.

"La kufuta nalielewa, kaka. Hukujua. Hata la nguruwe, ulikuwa na haraka kwa ajili ya dada," alisema. "Lakini mimi nilikuuliza."

Kisha akageukia ukutani. Lugano alikaa pale mpaka muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Funzo: Ukirithi kitu, jifunze kwanza kinavyotumika kabla ya kukitia mng'aro, na mwenzako akikuuliza kama una hakika, nawe huna, mwambie hujui, maana atakayeumia kwa jibu lako ni yeye aliyekuamini.