Mwanamvua na Zimwi la Kibanda cha Gemu

Paukwa!

Pakawa!

Adui yuko mbele?

Mtazame!

Adui yuko nyuma?

Geuka umtazame!

Basi tulieni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Palikuwa na mji wa wakata mkonge. Mashamba yalianzia milangoni mwa watu, yakaenda mpaka macho yakachoka kuyafuata. Katika mji huo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Mwanamvua. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Alikuwa na kisu kifupi cha kukatia mkonge, na alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita, jina lake Tunu.

Siku moja akaja mgeni. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, amevaa kanzu nyeupe na kofia aliyoivuta mpaka shingoni. Akafungua kibanda nyuma ya kiwanda cha mkonge. Ndani akaweka skrini moja kubwa kama mlango wa ghala, na mbele yake benchi na pedi moja ya kuchezea.

"Karibuni gemu," akasema. "Kucheza ni bure. Ua, songa mbele!"

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita. Mchezaji anashika panga, anapita malango, na kila lango lina askari wenye vinyago vya chuma usoni. Ukimchinja askari mmoja, mgeni anapiga makofi. "Ua, songa mbele!"

Watu wakacheza. Halafu watu wakaanza kupotea.

Wa kwanza alikuwa Mashaka, mchimba visima. Akafuata Semeni, muuza maandazi. Kisha Nurdini, fundi baiskeli, mtoto wa pekee wa Bi Mwanahawa. Majirani wakasema, "Wamekwenda mjini kutafuta kazi." Wakasema hivyo wakaridhika. Bi Mwanahawa peke yake hakuridhika. Kila jioni alisimama mlangoni akiitazama njia.

Tunu naye alicheza. Alicheza kuliko wote.

"Tunu, maji hayajachotwa," mama yake alimwambia.

"Nakuja mama, nimebakiza lango moja."

"Tunu, chakula kinapoa."

"Nakuja mama, nimebakiza lango moja."

Siku moja, saa sita mchana, Mwanamvua akarudi kutoka shambani, asimkute Tunu nyumbani. Akaenda kibandani, kisu chake bado kiko mkononi. Benchi lilikuwa tupu. Mgeni alikuwa amesimama akiupa mlango mgongo, na kwa joto la siku ile alikuwa amevua kofia.

Wanangu, kisogoni pake palikuwa na mdomo. Ulikuwa na meno, na ulikuwa unatafuna. Mwanamvua akautazama vizuri akaona unatafuna ndara ya Tunu.

Akainua macho kwenye skrini. Tunu yuko mle ndani, mdogo kama kidole, na kinyago cha chuma kinashuka usoni kwake chenyewe.

"Karibu mama," ule mdomo wa kisogoni ukasema. "Ua, songa mbele!"

Mwanamvua akajua huyu ni zimwi, akalirukia. Zimwi likacheka, likaingia kwenye skrini kama mtu anavyoingia mtoni. Mwanamvua hakufikiri. Akaingia nyuma yake.

Basi akajikuta katika shamba la mkonge, lakini mkonge wenyewe ulikuwa wa chuma, kila jani na mwiba wake. Mbingu zilikuwa nyeupe, hazina jua. Mbele yake malango matatu, moja nyuma ya jingine.

Kwenye lango la kwanza alisimama askari mmoja mwenye kinyago. Alipomwona tu akamjia na panga. Mwanamvua akainama, panga likapita juu ya kichwa chake. Akaruka pembeni, panga likamchana bega. Damu ikamtiririka mpaka kiwiko. Hasira zikampanda. Akajitupa chini ya mkono wa yule askari, akamchoma kisu ubavuni. Kisu kikazama mpaka mpini. Akakizungusha, akakichomoa, akamchoma tena.

Askari akapiga magoti. Kinyago kikamdondoka.

Alikuwa Nurdini.

"Mama Tunu," akasema, na damu ikamjaa mdomoni. "Mama yangu ataambiwa na nani?"

Akafa. Angani makofi yakalia. "Ua, songa mbele!" Na lango likafunguka lenyewe.

Mwanamvua akapiga magoti kando yake. Akasugua mikono mchangani, damu isitoke. Akamfumba Nurdini macho, akavua khanga yake ya juu, akamfunika. Akakaa pale. Akajiambia kwa sauti, kana kwamba anamwambia mtu mwingine: "Hawa ni watu wetu. Hawa wote ni watu wetu."

Halafu akainuka, maana Tunu yuko mbele.

Kwenye lango la pili walikuwapo askari wawili. Walikwenda na kurudi, walikwenda na kurudi. Safari hii Mwanamvua hakukurupuka. Akalala kifudifudi katikati ya majani ya chuma, akawatazama. Wakigeuka kumpa migongo, anatambaa. Wakirudi, anatulia kama jiwe. Miiba ikamchana tumbo, ikamchana mapaja, hakutoa sauti. Akawa anawatazama wanavyotembea.

Mmoja alichechemea mguu wa kushoto. Mashaka alichechemea hivyo tangu kamba ilipokatika akaangukia kisimani. Mwingine shingo yake imenyooka, kama mtu aliyebeba sinia kichwani. Nani mwingine kama si Semeni?

Alikuwa amebakiza hatua chache kupita, goti lake likagonga jani. Ngaa! Askari wakageuka wote wawili, mapanga juu.

Mwanamvua akasimama, akakishusha kisu.

"Mashaka!"

Panga likaja.

"Mashaka mchimba visima!"

Panga likaja.

"Mashaka, wewe ndiye uliyechimba kisima cha pale kwetu, tukanywa maji matamu!"

Panga likasimama kwenye ngozi ya koo lake. Tone moja la damu likatoka. Kinyago cha Mashaka kikapasuka vipande, na uso wake ulikuwa umelowa machozi.

Semeni naye alikuwa ameshafika, panga limeinuliwa kwa mikono miwili.

"Semeni!" Mwanamvua akapiga kelele. "Semeni we, maandazi yanaungua!"

Semeni akashtuka, akageuka kutafuta moto uliko. Kinyago kikamtoka. "Yako wapi?" akauliza. Halafu akayaona majani ya chuma, akaanza kutetemeka.

Angani hapakuwa na makofi. Zimwi lilinguruma tu. "Ua! Ua! Ua!"

Wakalifikia lango la tatu. Pale alisimama askari mmoja mwembamba, na kabla hajatikisika Mwanamvua alimjua.

"Tunu!"

Hakujibu.

"Tunu mwanangu!"

Hakujibu. Zimwi lilikuwa limejifunza. Lilikuwa limemziba masikio kwa nyuzi za mkonge, likazishindilia mpaka ndani, kinyago likakikaza kwa mkanda wa ngozi.

Tunu akashambulia. Alikuwa mwepesi, maana mchezo huu aliujua kuliko wote. Pigo la kwanza likamkata mama yake vidole viwili vya mkono wa kushoto, vikaanguka mchangani. La pili likampasua shavu mpaka meno yakaonekana.

"Mama Tunu, nimpige?" Mashaka akaita, panga lake tayari.

"Usimguse!"

"Atakuua!"

"Nimesema usimguse!"

Pigo la tatu likainuka juu. Mwanamvua hakurudi nyuma. Akaingia ndani, chini ya panga, akamkumbatia binti yake kwa nguvu zote, wakaanguka pamoja. Tunu akampiga kwa mpini mgongoni, akampiga, akampiga. Mwanamvua akaung'ata ule mkanda wa kinyago kwa meno, akautafuna mpaka ukakatika. Akakibandua kinyago, nacho kikatoka na ngozi ya paji la uso. Akamchomoa nyuzi masikioni.

Tunu akapiga ukelele. Halafu akaona mkono wa mama yake.

"Mama, nani kakufanya hivi?"

"Nyamaza. Inuka. Bado."

Kweli ilikuwa bado, maana nchi ilikuwa inatikisika. Zimwi likatokea nyuma ya lango, refu kama bomba la moshi la kiwanda, kanzu imechanika vipande. Mdomo wa mbele unatoa mate, mdomo wa nyuma unasaga meno. Mashaka akalikimbilia na panga. Likampiga kofi moja, mguu wake ule uliokuwa mzima ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

Mwanamvua naye akaruka. Likampiga, akaenda kuangukia majani ya chuma, mbavu zikavunjika.

"Mama, subiri!" Tunu akamvuta. "Siku ngapi nimelitazama kwenye gemu, nyuma ya lango la mwisho! Linapiga kulia, linapiga kushoto, linakanyaga. Halafu linavuta pumzi, kidevu kinainuka. Ni hapo tu. Kabla ya hapo kimbia, mama, usijibu."

"Na mdomo wa nyuma?"

"Huo unaona. Ukipita nyuma unakumeza."

"Huo niachieni," akasema Semeni. Alikuwa bado anatetemeka, lakini neno alilisema.

Basi wakacheza na zimwi. Likapiga kulia, wakakimbia. Likapiga kushoto, wakainama. Likakanyaga, wakajiviringisha. Likavuta pumzi, lakini Mwanamvua alikuwa mbali. Wakarudia. Kulia, kushoto, kanyaga. Tunu akachanwa mgongo. Wakarudia tena. Kulia. Kushoto. Kanyaga.

"Sasa, mama!"

Semeni akazunguka nyuma, akausokomeza mkono wake na panga ndani ya ule mdomo wa kisogoni. Meno yakafunga, mkono ukavunjika, naye hakuuachia mpini. Zimwi likainua kidevu kwa maumivu. Mwanamvua akapanda kwenye matambara ya kanzu, akashika ndevu zake kwa vidole vitatu vilivyobaki.

Kisu kikiwa juu, akasita kidogo, akalitazama usoni. Akalitazama macho, akalitazama ndani ya macho. Hapakuwa na mtu mle.

Akakata. Alikata kama anavyokata jani la mkonge, karibu kabisa na shina, kwa mkono mmoja, mara moja. Koo likafunguka. Damu nyeusi ikamwagika kama maji ya kiwandani, ikawafunika wote. Zimwi likayumba, likaanguka juu ya malango yake, na mbingu nyeupe zikapasuka kama kioo.

Wakajikuta wamelala kwenye sakafu ya kibanda, katikati ya vipande vya skrini. Nje jua la alasiri lilikuwa linawaka. Tunu alikuwapo. Semeni alikuwapo, mkono unaning'inia. Mashaka alikuwapo, analilia mguu wake. Na pembeni, chini ya khanga, alikuwapo Nurdini.

Najua mnataka niwaambie kwamba aliinuka. Hakuinuka.

Watu wakaja mbio. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakataka kumbeba Mwanamvua mabegani. "Mwanamvua kaua zimwi! Mwanamvua kaua zimwi!" Yeye akaiondoa mikono yao. Akajifunga kitambaa mkononi, akaenda mpaka kwa Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele.

"Hodi."

"Karibu, dada. He! Umepatwa na nini?"

Mwanamvua hakuketi. "Nurdini nimemuua mimi," akasema. "Alivikwa kinyago. Sikumtazama. Ningemtazama ningemjua, baiskeli yangu alinitengenezea yeye. Nilipiga tu."

Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika. Bi Mwanahawa akainuka, akampiga kofi la shavu, lile lile lililopasuka. Akampiga la pili. Mwanamvua, ambaye mchana ule wote alikuwa amekwepa mapanga, haya hakuyakwepa. La tatu likaanza, mkono ukaishia njiani.

"Alisema neno?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Alikuulizia wewe. Aliuliza nani atakwambia."

Bi Mwanahawa akajifunga khanga kiunoni. Akafanya kazi ya kuifunga muda mrefu. Mwanamvua akataka kumsaidia, hakuthubutu.

"Nipeleke alipo," Bi Mwanahawa akasema.

Wakatoka. Watu waliokuwa wanapiga vigelegele njiani wakanyamaza, mmoja mmoja, wakawapisha. Wale wanawake wawili wakapita katikati yao, na damu ya mmoja ikidondoka njia nzima mpaka kibandani.

Hapo ndipo ninapoitua ngano yangu. Aliyeipenda aibebe, aliyeogopa aje akae karibu yangu. Nanyi mnaopenda kupigana, iwe kwa fimbo au kwa pedi, sikieni: kuna adui wa kupigwa na kuna adui wa kukwepwa, na huwezi kujua yupi ni yupi mpaka umemtazama usoni. Mtazame kwanza. Ukishapiga, umepiga.