Baba Yuko Kazini

Wapendwa, kulikuwa na fundi seremala mmoja, fundi kwelikweli, si wa kubahatisha. Kanisa lao lilipofungua chekechea, viti vyote vidogo alivitengeneza yeye, akavipiga msasa hadi vikawa laini, watoto wasichomwe na vibanzi. Binti yake alisoma hapohapo, na alimpenda mno, hilo na tulikubali mapema. Lakini mwalimu alipowaita wazazi waje kukaa darasani na watoto wao, fundi alimwambia mkewe, "Nenda wewe, mama watoto. Mimi si nimeshatoa viti?"

Mbona naona akina baba wengine wameinamisha vichwa? Haya, tuendelee.

Asubuhi moja bawaba ya mlango wa darasa ikakatika, fundi akaitwa. Akapiga magoti mlangoni na bisibisi yake. Ndani, binti yake alikuwa akiwapanga wenzake kwa mchezo wa nyumba. "Wewe ni bibi. Wewe ni dada. Mimi ndiye mama, na huyu ndiye mtoto wangu," akasema, akimkumbatia mwanasesere wa matambara.

Fundi akatabasamu. "Na baba je, ni nani?"

Binti hata hakugeuka. "Baba hachezi. Baba yuko kazini."

"Akirudi?"

"Akirudi sisi tumeshalala."

Hakusema kwa uchungu, wapendwa. Alisema kama mtu anayekuelekeza chumvi iliko. Hapo ndipo fundi alipochomwa moyo. Afadhali mtoto angenuna! Machozi yakamlenga mtu mzima yule.

Akaweka bisibisi chini, akaingia, akajikunja kwenye kiti kimoja hadi magoti yakamfika kifuani. "Leo baba hajaenda kazini," akasema. "Nipeni kazi ya baba."

Watoto wakatazamana. Binti akafikiri, akafikiri tena, kisha akasema taratibu, "Mimi sijui baba anafanya nini."

"Basi nianze na kumbembeleza mtoto."

Binti akampa mwanasesere, akamwekea mkono vizuri. "Shika kichwa, baba. Usimwangushe." Mlango ulibaki wazi asubuhi nzima, kuku wakaingia na kutoka watakavyo, na fundi hakujali.

Ndugu zangu, sisi akina baba ada tunalipa, sare tunanunua, michango tunatoa, na Mungu atubariki kwa hayo. Lakini siku si nyingi mwalimu wa chekechea yetu atawafundisha watoto wetu kusali. Mnajua neno la kwanza atakalowatamkisha? "Baba." Baba yetu. Je, wakilisikia neno hilo, watamfikiria mtu wa namna gani? Nani atakuwa amewaonyesha?

Jumatano asubuhi mwalimu anatungoja darasani, sisi, si mama zao peke yao. Twendeni tukakae nao chini, ili siku watakapofumba macho na kusema "Baba", mioyo yao iwe inalijua neno hilo.