Pumzi Kabatini

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana ya methali hii ni nyepesi kuisema na nzito kuibeba: kila kinachopendeza macho kina mtu aliyekitolea jasho, mara nyingi mahali ambapo macho hayafiki. Mjane wa fundi saa aliijua tangu shuleni. Aliikariri, akaiandikia insha, akapewa alama zote, kisha akaishi nayo nyumba moja miaka na mikaka bila kuitambua.

Tangi la samaki la mumewe lilishika karibu ukuta mzima wa sebule. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi maangavu, matumbawe hai ya zambarau na kijani, na kundi la samaki wa kila rangi. Wageni walilitazama mpaka chai ikawapoa mikononi. Fundi saa mwenyewe, aliyeshinda kutwa akichungulia vigurudumu vidogo kama mbegu za ufuta, jioni alivuta kiti chake mbele ya kioo na kusahau dunia. Alikuwa na samaki mmoja wa manjano aliyempenda kupita kiasi, akampa jina la Mke Mwenza.

"Mwenzako amekula?" alizoea kumuuliza mkewe.

"Muulize mwenyewe. Mimi sina ukewenza na kitoweo!"

Nao walicheka, na yule wa manjano akapita mbele ya kioo kwa maringo kama anayejua kuwa anasemwa.

Chini ya tangi, ndani ya kabati, kulikuwa na mashine ya kuengua povu. Ilikuwa bomba nene la plastiki lililovuta maji na kuyachanganya na mapovu madogo madogo. Uchafu wa chakula na kinyesi ulinata kwenye mapovu hayo, ukapanda nayo hadi kwenye kikombe kilichokaa juu ya bomba. Kila asubuhi kikombe kilikuwa na maji meusi kama chai iliyolala, yenye uvundo wa kukata pua. Fundi saa alikibeba akipita jikoni, na mkewe hakuacha kumfokea.

"Uvundo wako upitishe nyuma! Hapa panapikwa!"

Hayo ndiyo yote aliyoyajua mwanamke yule kuhusu kazi ya tangi. Yaliyobaki aliyahesabu kuwa ni kukaa kitini na kutazama.

Kisha fundi saa akaugua kifua. Siku zake za mwisho pumzi ilivuta, ikakwama, ikatoka kwa kububujika, na mkewe alikaa kando ya kitanda akivuta na kukwama pamoja naye. Mgonjwa alipopata nafasi ya kusema, alisema maneno machache.

"Mke Mwenza nakuachia. Msiachane."

"Hatutaachana," mkewe aliapa.

Baada ya mazishi jamaa walitawanyika, na nyumba ikanyamaza. Ndipo mjane alipoisikia. Kutoka kabatini ilikuja pumzi ile ile: ikavuta, ikakwama, ikabubujika. Nywele zilimsimama. Akili yake ilijua kwamba ni mashine iliyokuwapo siku zote, lakini mwili haukukubali. Alifungua redio, pumzi ikawa chini ya redio. Alifunga mlango wa sebule, ikapita chini ya mlango. Siku moja alikuwa akikunja mashati ya marehemu, pumzi ikakwama zaidi kidogo kuliko kawaida, naye akajikuta anaitika.

"Abee?"

Hakuna aliyemwita. Shati lilimdondoka, akampigia simu shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wake marehemu, aliitwa Hakimu kwa sababu alizoea kutoa hukumu kabla ya kusikia kesi. Alifika, akainama mbele ya kabati, akasikiliza. Uso ulimbadilika.

"Umeisikia, shemeji? Inapumua kama kaka yako."

"Nimeisikia. Tuizime."

"Na samaki je? Niliapa."

"Samaki wana nini? Bahari ina mashine?" Hakimu alijipa moyo kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi kwangu nina tangi la maji ya chumvi, mashine sina, na samaki wangu umewaona. Kaka alipenda mitambo tu, Mungu amrehemu."

Ni kweli mjane alikuwa amewaona, wanang'aa kama shilingi mpya. Akakubali. Hakimu alichomoa waya, na pumzi ikakatika katikati ya mvuto. Ukimya ulioshuka ulimliza mjane kana kwamba amefiwa mara ya pili. Hata hivyo, usingizi wake ulirudi.

Mwanzoni maji yalibaki maangavu, na jikoni hapakupita tena uvundo. Kwa huruma ya ujane aliwaongezea samaki chakula. Kisha juu ya maji ukaja utando, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Matumbawe yalijikunja kama ngumi. Ute mwekundu ulitambaa juu ya mawe, na kila alipogeuka ulikuwa umesogea. Samaki waliacha kukimbizana. Alijiambia kwamba nao wanaomboleza.

Alasiri moja ya mvua, mapazia yakiwa yameshushwa, alisikia pumzi tena.

Aliganda na mwiko mkononi. Mashine ilikuwa imezimwa, na waya ulilala sakafuni mbele ya macho yake. Lakini hii haikuwa pumzi moja. Zilikuwa nyingi, ndogondogo, za midomo inayofunguka na kufumba, kama watu wanaonong'onezana chumba cha pili. Alitembea kuelekea kabatini, akafungua. Bomba lilisimama kimya. Sauti ilitoka juu yake.

Aliinua kichwa. Samaki wote walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo imebandikwa kwenye utando, wanatafuta hewa. Mke Mwenza alikuwa amelala ubavu, jicho moja likimtazama yeye.

Alimpigia Hakimu simu, naye akafika mbio na ndoo za maji ya chumvi alizokuwa amejiandalia kwake. Alipoliona tangi alishika kichwa.

"Shemeji, ulibadilisha maji lini?"

"Kubadilisha nini?"

"Maji! Mimi kila wiki natoa ndoo, natia ndoo. Mgongo huu unadhani unauma kwa ajili gani?"

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza! Nilidhani unafanya..." Sauti ilimpungua. "Na mimi ninao wawili tu. Kaka ana kundi zima. Mashine isipofanya kazi, mkono lazima ufanye. Hapa hakuna aliyefanya."

"Ulisema bahari haina mashine."

"Nilisahau povu la ufukweni," Hakimu alisema, bila kumtazama. "Mawimbi ndiyo yanayoengua."

Waliengua utando kwa bakuli, wakachota maji machafu, wakamimina masafi polepole. Hakimu alirudisha waya. Bomba lilitema mapovu mawili matatu, likanyamaza. Juu, mdomo mmoja baada ya mwingine ulikuwa ukiacha kufunguka. Mjane alipiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya lile kabati alilolikimbia, akalikumbatia bomba kwa mikono miwili.

"Pumua," alilia. "Nakuomba, pumua."

Ikavuta. Ikakwama. Ikabubujika.

Wengi walikufa. Mjane aliwazika mwenyewe chini ya maua ya uani, akiwaomba radhi mmoja mmoja. Mke Mwenza alibaki, amepauka na pezi limechakaa, lakini hai.

Siku hizi wageni wakisifu uzuri wa tangi na kusema kwamba samaki ni pambo lisilo na kazi, mjane haanzi ubishi. Anafungua kabati, anawanusisha kikombe. Kila asubuhi anakibeba akipita jikoni kwake, mikono ikinuka kama ilivyonuka ya mumewe, na hakuna wa kumfokea. Akikirudisha mahali pake, pumzi hukwama zaidi kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayetaka kuita.

"Abee," huitika, na hakimbii tena. Kwa maana sasa anaijua ile methali iliyompatia alama zote bila yeye kuielewa: ukiona vyaelea, vimeundwa.