Bi Ngiri Aliyeingia Kwake Kinyumenyume

Masikio!

— Yapo!

Yako wapi?

— Yako kwako!

Basi yaleteni karibu. Na wewe unayetafuna mahindi huko pembeni, tafuna polepole.

Hapo kale, kale sana, bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajafikiriwa, wanyama wa nyika moja walikuwa na Jumbe wao. Jumbe huyo alikuwa ngiri dume, mzee. Kazi yake ilikuwa moja tu: kiangazi kikikolea na moto wa nyika ukaja, yeye ndiye wa kusema wanyama wakimbilie wapi.

Mzee yule akafa. Wakamlia sana. "Alikuwa mnyenyekevu," wakasema. "Hata kula alikula amepiga magoti."

Walipochoka kulia wakatafuta Jumbe mwingine. Wakajitokeza wawili, Twiga dume na Bi Ngiri. Huyu Bi Ngiri alikuwa ngiri jike, wala hakuwa ndugu wa marehemu.

Twiga hawakumuuliza neno. Walimtazama kutoka kwato hadi pembe, shingo zikawauma, wakasema, "Huyu anaona mbali." Yakaisha.

Lakini Bi Ngiri! "Huyu lazima tumchunguze," wakasema. Wakaunda kamati ya watatu. Nyani achunguze asili yake. Kanga, ambaye hata mtoni haendi bila kupanga manyoya, achunguze sura na mwenendo. Na Digidigi achunguze kama kazi anaiweza.

Huyu Digidigi ndiye nataka mumshike vizuri. Alikuwa na mtoto mchanga, na alikuwa na macho makubwa yasiyokosa kitu. Ila mwoga! Mtu akikohoa, yeye yuko kichakani. Na siku zile hofu yake kubwa ilikuwa moja: nyasi zimekauka, moto unakuja, na mtoto wake bado hajui kukimbia.

Kamati ikaanza kumfuata Bi Ngiri.

Siku ya kwanza wakamkuta anakula. Amepiga magoti, pua iko ardhini, anang'oa mizizi.

"Haya, tazameni," Kanga akasema. "Mwanamke mzima anakula kama anaomba msamaha."

Digidigi akaona mizizi ile imejaa maji, kiangazi chote kile. Akanyamaza.

Siku ya pili wakamkuta anapita shimo hadi shimo. Hili analitoa udongo, lile analipanua mlango.

"Mashimo ya nani haya?" Nyani akauliza.

"Aliyachimba mhanga, yule mla mchwa, akahama," Bi Ngiri akajibu. "Mimi nayatunza, na humo ndimo ninamolala."

"Kumbe huna hata kwako!" Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Jumbe mpangaji! Tena mpangaji asiye na mwenye nyumba!"

Digidigi akaona mbele ya kila shimo pamefagiliwa, hapana hata jani moja kavu. Akanyamaza.

Siku ya tatu wakamngoja nyumbani kwake jua likizama. Bi Ngiri akaja, akageuka, akaingia shimoni kinyumenyume.

Kanga akafunika macho kwa bawa. "Jamani! Anatanguliza makalio! Wageni wakija tutawaambia nini?"

Digidigi akaona meno ya Bi Ngiri yamebaki mlangoni, yanatazama nje. Mnajua alifanya nini?

— Alinyamaza!

Alinyamaza. Baraza likakaa. Nyani akasema hana kwao. Kanga akasema anapiga magoti, anaingia kwake kinyumenyume, na zile chunjua za usoni hata hataki kuzitaja, kisha akazitaja zote. Wakamgeukia Digidigi. "Na wewe, mwenzetu? Kazi anaiweza?"

Digidigi akafungua mdomo. Nyani akamkazia macho. "Mimi sina la kuongeza," Digidigi akasema. "Wenzangu wameshasema."

Basi Twiga akawa Jumbe. Wakacheza ngoma mpaka vumbi likafika mbinguni. Kanga akaenda kutaga mayai yake kwenye nyasi, pale pale kivulini mwa Twiga, kwa sababu pana usalama.

Moto ukaja. Na Twiga aliuona wa kwanza, hapo hawakukosea. Aliuona ungali moshi mwembamba nyuma ya kilima. Akageuka, akanyoosha miguu yake mirefu, akaenda zake. Hakumuaga mtu. Wenzake walipoanza kusikia harufu ya moshi, Twiga alikuwa vumbi tu kule mbali.

Digidigi akamsukuma mtoto wake kwa pua. "Amka, mwanangu!" Mtoto akasimama, akaanguka. "Amka, kipenzi changu, twende!" Akaanguka tena. Joto limeshafika mgongoni. Digidigi, ambaye maishani mwake hakuwahi kupaza sauti, akapiga yowe.

"Mama Digidigi! Huku!"

Alikuwa Bi Ngiri, anakuja mbio na mkia umesimama wima. "Sungura, shimo lile! Nungunungu, lile la pili! Nyani, wewe panda majabalini, usinitolee macho!" Akambeba mtoto wa Digidigi kwa pua, akamtumbukiza shimoni, akamsukuma na mama yake ndani. Yeye akaingia wa mwisho, kinyumenyume.

Moto ukaja unanguruma. Mlangoni haukukuta hata jani la kushika, ukapita.

Nyuma ya moto akaja Fisi, anafuata harufu ya nyama ya kuchoma. Akachungulia shimoni. Akakutana na meno.

"Karibu," Bi Ngiri akasema.

Fisi akasema samahani, amepotea njia.

Walipotoka nje, nyika yote ilikuwa nyeusi. Hakuna hata unyasi wa kutia mdomoni. Bi Ngiri akapiga magoti, akachimba mizizi, akawagawia. Digidigi akala, maziwa yakatoka, mtoto akanyonya. Kanga alikuwa amesimama peke yake kwenye majivu, anageuzageuza maganda ya mayai yake kwa mguu.

Baraza likakaa tena kumchagua Jumbe. Nyani akakohoa. "Jamani, tusiwe na pupa. Bado lipo suala la asili ya huyu Bi Ngiri..."

Digidigi akasimama.

"Mzee Nyani, Jumbe wetu aliyekufa alikuwa nani?"

"Ngiri."

"Alilala wapi?"

"Mashimoni... mwa mhanga."

"Alikula vipi?"

"Kwa magoti."

"Na kuingia kwake?"

Nyani akajikuna kichwa.

"Yeye mlimwita mnyenyekevu," Digidigi akasema. "Na mimi sina afadhali. Mashimo safi niliyaona. Meno mlangoni niliyaona. Kazi niliyopewa ni kusema, nikawaogopa. Kanga, ningesema siku ile, usingetagia chini ya Twiga. Nisamehe."

Kanga hakuinua uso. "Mpeni Bi Ngiri kazi ya Jumbe," akasema. "Mambo ya sura mimi nimeyaacha."

Wakampa. Sura ilibaki ile ile, moto haukumpendezesha hata kidogo. Wala hakutoa hotuba. Alimwendea Kanga pale alipokaa, akamwambia taratibu, "Njoo nikuonyeshe pa kutagia."

Basi wanangu, mtu akiomba kazi, muulizeni habari za kazi. Lile ambalo hamkumuuliza mwanamume, msimchokonoe nalo mwanamke. Na wewe uliyetumwa kuangalia ukaona, sema siku unayoulizwa. Digidigi alisema baadaye, na mayai yalikuwa yameshaungua.

Masikio!

— Yameshiba!

Basi yarudisheni kwenu. Aliyesinzia akamuulize jirani yake, mimi mdomo nimeufunga.